Mama wa Venansi Yuko Ukutani Kwako

Morogoro,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kaka Deo,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu mama alinifundisha hivyo na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, lakini ujue shikamoo hii imetoka kwa shida. Mmeamkaje huko Mwamkulu? Watoto wazima? Kifua cha wifi kimepoa, au bado anakohoa kila akiwasha moto? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sio mzima, na aliyeuharibu ni wewe, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza habari za huku, maana nikianza na lile jambo sitazikumbuka. Kazi ni ya kubahatisha. Mwaka jana wakati wa kampeni tulichora bendera za vyama mpaka mikono ikavimba, kila chama kinataka ukuta wake. Kura zilipokwisha na kazi zikakwisha. Sasa nachora vichwa vya wanawake kwenye mabango ya saluni, na juzi nimechora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Mwenye bucha kaja na mkewe, wakasimama wanamwangalia, halafu mwanaume akaniambia ng'ombe amekonda, nimwongezee nyama. Nikamwongezea. Akasema sasa anafanana na kiboko. Nikarudia tena juu ya ngazi iliyolegea, jua la utosi, na barua yako iko mfukoni nimeisoma asubuhi ile ile. Yule baba hajui mpaka leo kwa nini ng'ombe wake ametoka na macho makali vile.

Sasa hiyo barua yako. Umeandika kwa furaha kama mtu aliyejenga kanisa. Unasema wageni wa posa ya mdogo wetu Tedi walikuja, wale Wasukuma wenye ng'ombe waliohamia upande wa bondeni. Hata posa yenyewe nimeisikia humo humo, katikati ya habari za uji, lakini hilo nakusamehe. Unasema ulitaka wakute sebule inayoeleweka, sio udongo mtupu, na magazeti ya kubandika hukupata. Basi ukachukua daftari letu la michoro, ukakata uzi, ukatawanya karatasi zote, wifi akapika uji wa muhogo mzito, mkapaka, mkabandika kuanzia mlangoni mpaka dirishani. "Wageni wamesifu sana," unasema, "hasa ile baiskeli."

Deo, una akili kweli wewe?

Lile daftari halikuwa lako. Halikuwa langu pia, ingawa nililishona kwa mikono yangu kwa uzi wa magunia. Lilikuwa la watu watatu, mimi, wewe na Venansi, tangu tulipoachana pale Mpanda stesheni, tulipokuwa tunaandika majina ya maduka kwa rangi za kuazima. Nilipopata kazi huku nikasema tusipoteane. Mimi nachora, natuma kwa Venansi kule Mishamo kupitia sanduku la parokia. Venansi anachora, anakupa wewe kwa watu wa malori. Wewe unachora, unapanda baiskeli mpaka posta ya Mpanda, unanirudishia mimi. Limezunguka hivyo mara mbili bila tatizo. Mara ya kwanza liliporudi nilikaa nalo kitandani siku nzima, nacheka peke yangu kwa yale mambuzi yako. Sharti lilikuwa moja, nimeliandika juu ya jalada kwa rangi nyekundu ya bango, sijui ulifikiri ni urembo: KARATASI ISITOKE.

Na tulichora pande zote mbili, kaka, kwa sababu karatasi nzuri haipatikani ovyo. Ulipokuwa unapaka uji ulifikiri nini? Kila picha inayowapendeza wageni wako ina mwenzake nyuma aliyetazama udongo. Milima yangu ya Uluguru ninajua imetazama udongo. Hiyo nitachora nyingine, milima ipo, haijaondoka. Lakini Venansi atachora nini?

Wewe unajua habari za Venansi kama mimi, ila nitakuandikia kama vile hujui, maana ulichofanya ni cha mtu asiyejua. Aliletwa Tanzania mtoto mdogo, mgongoni kwa mjomba wake, wakikimbia Burundi. Mama yake alibaki mlangoni. Picha yake haipo hata moja, na kaburi hajui liko wapi. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alichora kuku, wachezaji wa mpira, watakatifu wa kanisani, chochote ulichomwambia. Mama yake hakumgusa. Niliwahi kumuuliza. Akanijibu anaogopa akikosea pua, ile pua ya makosa ndiyo itakayobaki kichwani, na ya kweli itafutika.

Safari hii kapata binti, kampa jina la mama yake, na daftari lilipomfikia akamchora. Aliniandikia: "Nimempata, Oliva. Sijui kama nitampata tena." Angeweza kuichana karatasi ile akaificha kwake, na nani angemlaumu? Hakuichana. Alisema, "Sharti ni sharti, acha lizunguke, Deo amwone, wewe umwone, halafu arudi nyumbani nimwonyeshe mtoto bibi yake akianza kuelewa mambo." Alituamini, kaka. Mtu ambaye kila kitu chake kilibaki ng'ambo ya mpaka alichukua hicho kimoja akakiweka mikononi mwetu.

Na wewe mwenyewe umeandika, tena bila aibu, kwamba baiskeli uliichora "nyuma ya yule mama wa Venansi, pale palibaki safi." Kwa hiyo ulimwona. Ulijua yupo. Ukashika karatasi, upande mmoja mama wa mtu, upande mwingine baiskeli yako, ukachagua. Ukampaka uji usoni ukambandika ukutani, ili Wasukuma wasifu baiskeli. Nimeisoma sentensi ile nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi ya mwenye nyumba, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Mimi sijamwona huyo mama hata mara moja. Wewe ndiye mtu wa pili na wa mwisho kumwona.

Jana imekuja barua ya Venansi. Anauliza tu kwa upole wake ule, daftari limefika Morogoro? Umemwonaje mama? Sijamjibu. Sitamdanganya kwa ajili yako.

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye kama ninavyosema, usilete ujuaji wako. Usiichune ile karatasi. Ukiichuna, uso wake utabaki kwenye lipu. Usiimwagie maji pia. Chukua panga, kata lipu kuizunguka, uingie ndani mpaka kwenye tofali, uzitoe tofali zote zilizo nyuma yake pamoja na karatasi yenyewe. Ni tofali mbichi, zinakatika. Weka kwenye katoni la sabuni, jaza nyasi pembeni. Halafu upande lori linalokwenda Mishamo kuchukua mahindi, ulipakate hilo katoni mwenyewe, usimwachie utingo, na umkabidhi Venansi mkononi. Umwambie ulichofanya kwa mdomo wako. Yeye ana mkono mwepesi. Ataulowesha udongo kwa nyuma pole pole mpaka uachie, na uji uachie. Alimchora kwa penseli, na penseli inavumilia maji.

Baiskeli yako umeichora kwa wino, kama kawaida yako. Itayeyuka. Najua.

Na usifikiri nimesahau ni baiskeli ya nani. Mimi pia nilipanda nyuma ya baba kwenda mnadani, mimi pia niliumia alipokufa na ikauzwa. Nikifikiri kwamba umeichora na kengele yake na lile tairi lililoshonwa, na sitaiona, nataka kulia, na hapo ndipo hasira inanipanda zaidi, maana umenifikisha mahali pa kuchagua mimi. Lakini baba picha yake tunayo, ya kadi ya chama. Kaburi lake tunafagia. Na wewe mkono unao, utaichora tena. Iache iyeyuke.

Nisalimie wifi yangu, mama watoto wako, sina ugomvi naye. Mwambie uji wake una nguvu kuliko gundi ya madukani, angekuwa huku ningemwajiri. Msalimie shangazi anayekaa nyuma ya kanisa, na umwambie kitenge chake nimekipata, nakitafutia mtu wa kukileta. Msalimie Tedi, bibi harusi wetu. Mwambie asiogope, mwanaume anayeoa kwa sababu ya ukuta atakuwa ameoa ukuta, na huyo aende zake. Kama anamtaka yeye, atamtaka hata sebule ikiwa na tundu.

Na hilo tundu usilizibe. Wakwe wakirudi wakauliza, usiwaambie ni mvua wala mchwa. Waambie ulimgeuzia mama wa mtu uso ukutani ili usifiwe wewe, kisha ukamrudisha kwa mwanae. Nakuja Krismasi. Nitaingia sebuleni kabla sijakutafuta ulipo. Nikikuta tundu, nitakuja nikuamkie vizuri, kwa magoti kabisa kama zamani. Nikikuta ukuta mzima, shikamoo nitampa mama wa Venansi, maana mkubwa wangu ndani ya nyumba ile atakuwa ni yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Oliva