Mikono Iliyokuwa Karibu

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu kutoka huku ughaibuni, Black Rock. Theluji haijayeyuka na goti linanisumbua, lakini mjomba wako amepata kazi kiwandani, tunamshukuru Mungu.

Umeniandikia kwamba shuleni mnasoma habari za kituo cha zamani cha waokoaji katika ziwa la huku ugenini, ukauliza kama kweli baba yangu alifanya kazi hiyo kule kwetu, Ziwa Tanganyika. Ndiyo. Yeye na wenzake watatu walitunza mashua ya kuokolea watu iliyokuwa mali ya misheni.

Nilikuwa msichana mkubwa siku boti ya abiria ilipopinduka. Mama alikuwa ndani yake, akitoka sokoni. Nikiwa ufukweni nilimwona baba akivuta watu majini mpaka mashua ikajaa, akaja kuwashusha. Aliporudi tena pale boti ilipopindukia, mama alikuwa amezama.

Jioni nikamuuliza, "Baba, hukumwona mama?"

"Nilimwona," akasema. "Alikuwa mbali. Mikono ya wengine ilikuwa karibu."

Sikuzungumza naye wala kumpikia kwa miezi mingi. Yeye kila asubuhi alikwenda kukagua makasia.

Kisha mwanamke mmoja aliyeokolewa siku ile akaja nyumbani na mtoto mchanga, akasema amempa jina la mama yangu. Baba akampakata mtoto, akalia. Nikakaa kando yake. Kama nilimsamehe, Neema, mimi mwenyewe sijui. Ila tangu siku ile nilimpikia tena.

Umsalimie mama yako hapo Reynoldsburg. Mungu awafunike.

Koko wako,
Mariamu