Kibao cha Nyumba ya Mfumaji

Kumbukumbu za kikao cha saba cha Kamati ya Majina ya Nyumba, kijiji cha Podlipnik, Slovenia, kilichofanyika ukumbi wa zimamoto siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019.

WALIOHUDHURIA
Bw. Alojz Hribar – Mwenyekiti
Bi. Darinka Kolar – Katibu
Bi. Vida Zupan, mwalimu mstaafu – Mjumbe
Bw. Cveto Kovač – Mjumbe
Bw. Senad Delić wa nyumba namba 14 – Mwalikwa

HAKUHUDHURIA
Bi. Rezka Oblak – kwa udhuru (ng'ombe wake anazaa)

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na moja jioni. Alikumbusha kwamba orodha ya vibao vya udongo vya majina ya nyumba inapelekwa kwa mfinyanzi kesho asubuhi, na tanuri litawashwa mara moja tu. Jina litakalokosa leo limekosa.

KUMB. NA. 2/7: MAANA ZA MAJINA
Wajumbe walipitia maelezo yatakayochapishwa kwa ajili ya sherehe ya kuvitundika vibao. Kovač ni mhunzi, Zupan ni mkuu wa kijiji, Kolar ni fundi magurudumu. Bw. Kovač alisema ukoo wa Katibu umeishiwa, maana Katibu mwenyewe hata baiskeli hajui kuendesha. Katibu anaomba iandikwe kwamba anajua, ila hapendi.

Mwenyekiti alieleza kwa kirefu kwamba Hribar ni mtu wa kilimani, na kwamba damu yake haijashuka kutoka kilima kile kwa miaka mia tano. Wajumbe walikuwa wameshayasikia hayo katika vikao sita vilivyotangulia.

KUMB. NA. 3/7: NYUMBA NAMBA 14
Nyumba hii tangu zamani inaitwa kwa Tkalec, yaani kwa Mfumaji. Mfumaji wa mwisho alifariki mwaka 1983 bila mtoto. Bw. Delić, aliyetoka Bosnia, aliinunua miaka kumi na moja iliyopita ikiwa haina paa, akaijenga upya kwa mikono yake. Aliomba kibao chenye jina hilo.

Mwenyekiti alipinga. Alisema jina la nyumba ni la damu, si la hati ya mauzo. "Leo tukimpa huyu, kesho atakuja Mjerumani wa likizo naye atataka."

Mwalimu Zupan alimkumbusha desturi: anayeingia nyumbani, awe mkwe awe mnunuzi, kijiji humwita kwa jina la nyumba hata kama karatasi zake zinasema vingine. Mwenyekiti alijibu kwamba desturi hiyo ni ya watu wa hapa hapa.

Bw. Delić aliruhusiwa kusema. Alisema: "Mzee Hribar, watoto wangu wawili wamezaliwa mle ndani. Kila nyumba hapa ina jina, yangu mnaiita kwa Mbosnia. Bosnia kwenyewe wanatuita Waslovenia. Sasa wanangu niwaambie ni wa wapi?"

Kwa kanuni zetu kibao hupitishwa kwa kauli moja. Wajumbe watatu walikubali, Mwenyekiti alikataa. Hoja ilikwama.

KUMB. NA. 4/7: KITABU CHA PAROKIA
Mwalimu Zupan aliomba kusoma nakala alizozipata Jumanne katika vitabu vya parokia. Katibu anakiri kwamba alikuwa ameshazichungulia.

Mwaka 1771 mjane Neža wa nyumba ya kilimani, yaani kwa Hribar, aliolewa na Matija Furlan, mwashi kutoka Friuli, ng'ambo ya milima. Mwaka 1777 mtoto wao wa tatu alibatizwa. Padri yule yule, kwa mwandiko ule ule, aliandika jina la baba: Matija Hribar.

Bw. Kovač alisimama hadi kiti kikaanguka. "Miaka sita! Miaka sita tu, na padri ameshamwandika kwa jina la nyumba, kama watu walivyomwita! Alojz, wewe ni mjukuu wa Furlan!"

Mwenyekiti aliomba nakala. Aliisoma mara mbili, akavaa miwani akaisoma tena. Kisha alisema anatoka kidogo kwenda kuangalia trekta lake. Katibu alifurahi kupita kiasi na anaomba radhi kwa kicheko chake.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO
Baada ya dakika kumi mlango ulifunguliwa. Mwenyekiti alisimama kizingitini, uso mwekundu, akapaza sauti: "Wee Tkalec! Sogeza gari lako, umenizibia njia!"

Mwalimu Zupan aliuliza: "Umemwitaje?"

Mwenyekiti alijibu: "Nimemwita jina lake. Anakaa kwa Tkalec, nimwite nani?"

Katibu aliuliza kama hiyo ihesabiwe kuwa kura. Mwenyekiti alisema Katibu ana kalamu, na aache maswali.

Bw. Delić alikuwa ameshainuka na funguo mkononi, lakini hakwenda. Alisema polepole: "Naja, jirani." Kisha akafuta macho, akatoka.

IMEAMULIWA kwa kauli moja: nyumba namba 14, kwa Tkalec.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na nusu, Mwenyekiti akiwa bado nje, akimwelekeza Tkalec jinsi ya kurudisha gari nyuma.

Sahihi:
A. Hribar, Mwenyekiti
D. Kolar, Katibu