Barua Niliyomwandikia Badru Kuhusu Kusimama Barafuni

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, ziwa silioni kutoka hapa Ilemela, naona weupe tu.

Nina miaka themanini na saba. Mwingereza aliyetutawala ameondoka mimi nipo. Wake zangu wawili nimewazika. Ghala la pamba nililobebea robota limebomolewa, na madaktari watatu walionikataza chumvi wote wametangulia. Kuanzia leo saa nne asubuhi, na Badru naye katangulia, nimebaki.

Hilo la mwisho sikulitaka.

Salima ndiye aliyenipigia simu. Ni mdogo wake Badru, bibi wa miaka themanini sasa, na bado ananiita kaka Makoye. Alisema shikamoo, nikasema marahaba, halafu akanyamaza. Salima hanyamazi. Nikakaa chini kabla hajaniambia.

Badru amefia Kanada, Jumapili, na wamekwisha mzika. Ijumaa wanamsomea hitima, na binti yake anaomba nitume maneno ya kusomwa mbele ya watu. Baba yao alikuwa akiwaambia kwamba Makoye wa Mwanza ndiye aliyemfundisha kuteleza. Wanataka kusikia ilikuwaje.

Siku nyingine ningefurahi. Nimejisifu kwa jambo hili miaka sitini na zaidi. Kinyozi wangu analijua, wauza kahawa wa Mkuyuni wanalijua, hata padri analijua: mwanafunzi wangu alicheza mpira wa magongo juu ya barafu, huko Wazungu wanakozaliwa wakiteleza, na aliyemfundisha hajawahi kutoka kanda hii.

Ni kweli. Lakini si yote.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Shule nilisoma madarasa mawili, na kusoma kwenyewe nimejifunza ukubwani, kwa hiyo msinisahihishe.

Tajiri wa ghala letu alikuwa na watoto walioletewa viatu vya magurudumu kutoka ng'ambo. Walipovichoka wakavitupa kwenye vyuma chakavu, jozi mbili. Nilivifunga miguuni kwa kamba za katani. Ile sakafu ya ghala ilikuwa ya saruji, imelainishwa na robota zilizoburutwa miaka na miaka, inang'aa kwa mafuta ya mbegu za pamba. Jumapili kabla ya msimu wa ununuzi ghala lilikuwa tupu. Wiki tatu nilianguka peke yangu. Wiki ya nne nilikuwa bingwa, na sijui mtu mwingine Mwanza nzima aliyeniweza.

Badru alikuwa mtoto wa fundi cherehani, msomi, mwoga. Nilimfundisha mimi. Nilimkataza kuangalia miguu, maana miguu haipotei. Nikamwambia akunje magoti kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda halafu akaahirisha. Asisukume nyuma kama anayetembea, asukume pembeni, na mguu mmoja ukisukuma mwingine ubebe mwili wote. Kwenye kona mguu wa nje uvuke juu ya wa ndani. Hilo la kona lilimchukua mvua zote za mwaka ule, na makalio yake yaliisoma ile sakafu vizuri.

Kusimama nilikubuni mwenyewe. Unainua kisigino cha mguu wa nyuma, unaburuza ncha ya kiatu, chuma kinalia, unasimama.

Siku ya Uhuru tuliteremka na barabara ya lami kuelekea sokoni, mimi mbele, Badru nyuma, vitambaa vya kijani shingoni. Wanawake walipiga vigelegele. Nilipoburuza ncha mbele ya umati cheche ziliruka, wazee wakarudi nyuma. Sijawahi kuwa mkubwa kama siku ile, na sitakuwa tena.

Mwaka uliofuata Badru akapata masomo Kanada.

Barua yake ya kwanza Salima alinisomea uani kwao. Alisema huko maji yakiganda watu huvaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu badala ya magurudumu, wanafukuza kidude cheusi kwa magongo. Wenzake chuoni walimtia mchezoni ili wamcheke. Hawakumcheka. Magoti yalifanya kazi, kusukuma pembeni kulifanya kazi, kona ndiyo kabisa. Walimuuliza Mwafrika amejifunzia wapi, akawaambia kwenye ghala la pamba.

Ila kusimama kulimshinda. Wenzake walikuwa wanageuza miguu yote miwili kando kwa ghafla, kisu kinakwangua barafu, wanasimama. Mwili wake ulikataa. Kwenye magurudumu ukigeuka hivyo yanang'ang'ania sakafu, na wewe unarushwa kama gunia. Mimi ndiye niliyempiga marufuku kugeuka hivyo. Sasa akauliza: niwafuate hawa, au nishike ya kwetu?

Ningesema sijui. Neno fupi, hata mimi ningeweza kuliandika.

Badala yake nilikwenda mwaloni, soko la samaki ziwani, kwa mtu aliyekuwa akiletewa barafu ya samaki, nikamwomba bonge moja. Lilikuwa limefukiwa kwenye unga wa mbao na kufunikwa gunia. Nikalibeba mpaka uani kwa kina Badru, jua kali, linanichuruzikia mgongoni. Nikavaa kiatu kimoja, nikapanda, nikaburuza ncha. Ikazama vizuri, ikachora mfereji, mguu ukasimama. Nikashuka nimeridhika.

Barafu yetu ilikuwa uji. Bonge lile limelala kwenye jua la Mwanza, limejaa unga wa mbao, hata kijiko kingesimama. Ya kwao ni ngumu kama kioo. Hilo silo la kuhitaji shule.

Salima alikuwa na kalamu mkononi. Aliniangalia, akaangalia lile bonge linavyozidi kupungua.

"Kaka Makoye, barafu ya watu kutelezea umeiona lini?"

"Andika."

"Mwambie basi awaulize walioko huko."

"Nani mwalimu wake? Mimi au wao? Andika: nimejaribu mwenyewe kwenye barafu, inasimama. Ashike ya kwetu. Kugeuka kando ni kwa wasiojua."

Akaandika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa mkali.

Badru alishika ya kwetu. Kwenye mchezo mmoja alikuja kwa kasi niliyomfundisha, mbele kuna ukuta wa mbao, akaburuza ncha. Ncha haikushika kitu. Goti la kulia lilipasuka vipande. Walimshona mara mbili, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, kijana wa miaka ishirini na minne.

Hayo aliyaandika kwenye barua ya pili. Hakunilaumu popote. Mwishoni aliandika kwamba magoti na kona nilimfundisha sawasawa, na kwamba anangoja barua yangu.

Sikumjibu.

Salima alinibembeleza mwaka mzima. Kaka Badru hana kinyongo, aliniambia, mjibu hata mistari miwili. Nikamwambia nina kazi. Baadaye nikajifunza kuandika, sababu ikaisha, bado sikumjibu. Badru alikuwa akituma salamu kupitia kwa Salima kila Idi, nami nikisema zimefika. Mwaka aliokuja kumzika baba yao nilikwenda Geita kwa wiki mbili, nikasingizia shamba. Ukweli sikutaka kuiona ile fimbo.

Huko kwenye kahawa nikaendelea kujisifu.

Leo kwenye simu nilimuuliza Salima kama watoto wa Badru wanajua goti liliharibika vipi. Niliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. Akanijibu:

"Wanajua alianguka kwa ujinga wake. Aliwaambia mwalimu wake alimwonya asiburuze, yeye akawa mbishi. Na mimi alinikataza kusema."

Simu ilikatika, au niliikata, sikumbuki. Chai imepoa mezani na sijainywa. Mvua imetulia, majirani wanaanua ndoo, na mimi nimekaa na kiburi changu kama mzigo ambao mwenyewe hakuja kuuchukua.

Nilikuwa nimekwisha anza kutunga yale maneno ya Ijumaa. Yalikuwa mazuri sana, yana ghala, yana Uhuru, yana cheche. Nimeyafuta. Kesho nitakwenda Mkuyuni kwa Salima, nitamwambia yote ninayotaka yasomwe kule, lile bonge la barafu, ile barua na ile safari ya Geita. Binti wa Badru akichukia, achukie. Achukie mtu anayestahili, asimwone baba yake mjinga.

Nimeanza kuyaandika hapa ili asubuhi nisigeuke. Najijua.

Atakayeona nabuni amuulize Salima, barua imeandikwa kwa mkono wake. Waliotuona siku ya Uhuru wamekufa wote. Badru naye angeulizwa, lakini msingepata ukweli kwake. Angenitetea.