Nimegonga Ubao, Kasereka

Kasereka, mudogo wangu,

Mashini yangu ya kushona nimeigeuza, sasa inatazama mulango. Sikutaka tena kuona ule ukuta wa mbao wa chumba chako. Haikusaidia kitu. Sikio langu bado liko upande wako.

Unakumbuka tulivyopatana? Siku ile ulirudi kutoka kwa wale watu wa Birere wanaowapa sindano safi wenye kujidunga dawa za kulevya. Ukaniambia mbele ya sahani ya sombe, bila haya hata kidogo: "Yaya Kavira, wametufundisha mutu asijidunge peke yake. Dawa ikimuzidi, nani atamuamsha? Wewe utakuwa mulinzi wangu." Nikakutukana wee! Nikasema mimi ni dada yako mukubwa, si mulinzi wa upumbavu. Ukacheka, ukamaliza sombe yote. Kesho yake nikaanza kugonga.

Mimi huku nashona suruali za wanafunzi, nachukua makasi, nagonga ubao mara mbili. Wewe kule unajibu mara mbili. Usipojibu niingie mbio, nikuite, nikupulizie pumzi namna wale wa Birere walivyonionyesha hata mimi. Siku zingine ulikuwa unachelewa kwa kusudi, nikiingia nakukuta unacheka. Shetani wewe! Hata hiyo ninaikosa.

Halafu ikafika Alhamisi ya sala za shirika, zamu ya nyumba yetu. Wamama wa mutaa wetu wa Mabanga walijaa kwangu na rozari zao. Nilisikia haya, Kasereka. Nilikuambia: "Leo hakuna kugonga. Watauliza." Ukasema tu, "Sawa, Yaya." Nilijidanganya kwamba utangoja mpaka waende. Tuliimba mpaka mwisho. Nilipofungua mulango wako ulikuwa umekwisha kupoa.

Marehemu Mama alikuwa anasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha hata kifo chenyewe. Ku matanga niliwaambia watu ni malaria. Papa alipofika kutoka Butembo aliniuliza kama ulimeza kinini. Nikasema ndiyo, ulimeza.

Tangu hapo watu wananipa pole ya malaria, na mimi sina mutu wa kulia naye kilio cha kweli. Napika sombe, inabaki. Nimechoka kula peke yangu.

Mwezi uliopita alikuja Sifa, yule rafiki yako mwenye kuuza mitumba, mulikuwa munajidunga pamoja. Alisimama ku mulango akauliza kama bado nagonga. Nilitaka kumufukuza. Nikamupa kiti chako.

Juzi shirika ilirudi kwetu. Sifa alikuwa nyuma ya ukuta, chumbani mwako, na sindano yake. Katikati ya fungu la tatu la rozari nilichukua makasi, nikagonga. Wamama wakaacha kusali. Mama Riziki, kiongozi wetu, akaniuliza kuna nini. Nikasema kuna mutu humo ndani anajidunga, namulinda asife. Nikasema Kasereka hakufa na malaria, alikufa kwa sababu siku ile nilikataa kumugongea, nikiogopa macho yenu.

Sifa hakujibu. Mungu wangu! Nilikuwa nimekwisha kusimama, kiti kimeanguka, ndipo ubao ukalia mara mbili. Nililia mbele yao wote. Wamama wawili walitoka bila kuaga. Mama Riziki aliinua kiti, akanikalisha, akaendelea na Salamu Maria palepale tulipoachia.

Papa bado hajui. Kesho nitamupigia simu nimuambie mwenyewe, hata akinilaani. Na kila mutu atakayekaa nyuma ya ukuta huu nitamugongea, wageni wawepo wasiwepo. Hiyo nakuahidi.

Lala, mudogo wangu. Sifa ameenda, nyumba imebaki na mimi. Kabla ya kukunja karatasi hii nimekugongea na wewe, mara mbili. Nimengoja kidogo.

Nisamehe.

Yaya wako,
Kavira