Cheti cha Haidrofoni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba shemeji kikohozi kimemwachia. Mimi mwili haujambo, ila roho imechafuka. Mama anaendeleaje? Lile jeraha la bega limeanza kukauka?

Nimegombana na mkuu wa maabara, na safari hii sikumeza maneno. Jumatatu tuliletewa haidrofoni ya hospitali yenu, kile kisikio chembamba kama sindano ambacho fundi wao hukitumbukiza majini kupimia nguvu ya mashine za kutibu kwa mawimbi ya sauti. Kazi yangu ni kukihakiki kwa mwanga. Namulika leza kwenye utando wa plastiki ndani ya tangi, mawimbi yanautikisa, na mwanga unaonyesha umetikisika kiasi gani. Nikalinganisha. Kisikio chao kinasikia nusu tu! Nilibadilisha maji, nikaondoa viputo, nikarudia mara tano. Nusu ile ile.

Mkuu akasema leza ndiyo inayodanganya, nichukue namba za mwaka jana, nitie sahihi cheti, yaishe. Nilimwambia kwamba fundi wa hospitali akiamini cheti hicho ataongeza nguvu ya mashine mpaka kisikio kiridhike, na atakayeungua ni mgonjwa. Bwana yule akacheka, akauliza mbona mwaka jana sikuwa na kelele hizi.

Nikaenda kufungua faili. Cheti cha mwaka jana kina sahihi yangu. Wakati ule utando ulikuwa umechanika na mpya haujafika, nami nikanakili namba za mwaka uliotangulia, nikijiambia kifaa kile hakibadiliki. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Bega la mama lilitibiwa kwa mashine iliyopimwa na kisikio hicho. Yule binti wa tiba ya viungo uliyemfokea mbele ya wagonjwa, ukamshtaki hadi akasimamishwa kazi, aliweka kipimo pale pale kinapotakiwa. Aliyemuunguza mama ni mimi.

Hospitali nimeshawapigia simu, mashine wameizima, na barua ya kukiri wanayo. Kazi huenda nimeipoteza, na wala silalamiki. Tafadhali kafute mashtaka leo, umwombe yule binti radhi, nami nitakuja kumwomba yangu.

Mama usimwambie kitu. Nakuja Jumamosi, nitamwambia mwenyewe. Juzi kwenye simu alinishukuru, eti afadhali mwanawe si mzembe kama yule binti, nami nikaitikia.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba