Kidude Kilichokwenda Mabamba

Fundi Yona,

Sikuandikii kukujulia hali. Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe, na hapa Kasulu kila ninayemwambia ananikatiza kwamba marehemu hasemwi vibaya. Basi mbele za watu nimenyamaza. Wakanisifu, eti Sabina amejikaza. Sikujikaza, nilikuwa nimeuma meno. Leo nimefunga duka mchana kweupe, nimeandika "narudi sasa hivi" kwenye kipande cha boksi nikakitundika mlangoni, na utanisikiliza mpaka nimalize.

Duka lipo. Mashine ya kopi bado inatafuna karatasi siku za mvua. Radi ilipiga masika yalipoanza, ikaua ile ruta ya zamani ya intaneti uliyoifunga kwa mpira wa baiskeli, nimeweka nyingine. Wateja wanakuja, wengine wananiita Fundi, na mimi nageuka nyuma kukutafuta. Hilo nalo linaniudhi.

Sasa nije kwenye lenyewe. Unamkumbuka Mama Neema, yule Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, muuza vitenge. Unakumbuka alivyoileta diplome ya mwanawe, yaani cheti chake cha sekondari, mara ya kwanza, imo ndani ya nailoni, ameifunga tumboni chini ya kitenge kama mtoto wa pili. Ukaipitisha kwenye skana, ukamwambia, "Hapa iko salama kuliko nyumbani kwako, mama." Nilikuwa nimesimama pembeni nasikia. Baada yake wakaja wengi na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, na picha za watu waliobaki kule vitani. Zote ukazitia kwenye ile programu uliyoiandika mwenyewe ukaiita Sanduku. Na kwa kuwa duka la jirani lilikuwa limeibiwa kompyuta na karatasi za watu zikazagaa mitaani, ukalifunga Sanduku lisifunguke kwenye mashine nyingine yoyote ila yetu.

Nilikusifu. Nikakuuliza umelifungaje. Ukacheka. "Mwizi akibeba diski atakuta uji mtupu, Sabina. Inatosha."

Inatosha. Kila kitu kwako kilitosha. Maharage vijiko viwili, inatosha. Tumbo lilipoanza kukusokota ukameza panadol na maji ya moto, inatosha. Nilikukuta umeinama nyuma ya meza umeshika ubavu, ukaniambia unatafuta skrubu iliyodondoka. Skrubu, Yona. Nami nikapiga magoti nikaitafuta nawe. Siku tuliyokufikisha hospitali daktari alisema, "Mmechelewa." Alisema mmechelewa, akinitazama mimi. Mama yako naye akanitazama hivyo hivyo, kana kwamba ugonjwa wako nilikuwa nimeukalia mimi.

Tukakuzika kwenu Busunzu. Siku ya kuanua matanga wazee wakataka vitu vyako vyote vya kazi vifike nyumbani vionekane, ndipo vigawiwe. Nikaibeba kompyuta ya dukani kutoka Kasulu, imefunikwa kanga, nimeipakata kwenye basi. Kila ndugu akachagua kitu cha kukukumbukia. Koti likaenda, redio ikaenda, baiskeli ikaenda. Kompyuta wakasema irudi na mimi ili kazi isife. Nilishukuru, nikatoka kwenda kuwasaidia wanawake kusonga ugali. Mimi ni mwanafunzi wako tu, si wa ukoo, kwenye mgawo nakaa kama nani?

Niliporudi ndani, kile kidude cha waifai kilichokuwa kimechomekwa nyuma ya mashine hakipo. Baba yako mdogo wa Mabamba alikuwa amekiomba. Alisema kila alipokuja dukani alikiona kinamulika kijani, hata saa wewe ulipokuwa umenyamaza na kazi yako, basi hicho ndicho anachotaka. Nikasema moyoni, na achukue, vidude kama hivyo vimejaa madukani.

Nilirudi Kasulu, nikanunua kingine, intaneti ikaja bila shida. Nikafungua Sanduku. Likaniandikia: "Mashine hii siijui."

Sentensi hiyo uliiandika wewe. Miaka yote nimewasha mashine hiyo asubuhi, nimeifuta vumbi, nimeifunika jioni, halafu unaniambia huijui.

Nikaifungua programu yenyewe, mstari kwa mstari, nione ulichofanya. Nilipokiona nilipiga meza mpaka stepla ikaanguka chini. Kila kadi ya mtandao ina anwani yake iliyotiwa kiwandani, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na kila kadi na yake. Programu yako inaiuliza mashine: nipe anwani za kadi zako zote. Mashine inaleta orodha. Na katika orodha hiyo unachukua moja, unaifanya ndiyo ufunguo wa karatasi za watu. Haya, mashine yetu ilikuwa na tatu. Moja ni ile ambayo mashine inajisemesha yenyewe, sifuri tupu, haimfai mtu. Ya pili ni ya waya, imeunganishwa humo humo kwenye bodi, haitoki labda uivunje. Ya tatu ni ya kidude, ambacho hata mtoto anakichomoa.

Zile sifuri ukaziruka. Hongera. Halafu ukachukua iliyotangulia kuja, basi. Hukuuliza ni ya kadi gani. Hukuuliza kama hiyo kadi inakaa au inachomoka. Kilichotangulia kilikuwa kidude, na pembeni ya mstari ukaandika maelezo kwa mkono wako: "ya kwanza inatosha."

Hata babu yangu kule Nyakitonto, asiyejua kompyuta ni nini, hafungi mbuzi kwenye ufito ulioegemezwa ukutani. Anatafuta mti wenye mizizi. Wewe uliyenifundisha kukagua kila kitu mara mbili ukafunga mbuzi wa watu wote kwenye ufito.

Na Mama Neema akaja. Upepo ulikuwa umelichana turubai la nyumba yao kambini, mvua ikaingia, diplome ikawa uji kweli, si ule uji wako wa kumtania mwizi. Neema alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kilitaka nakala kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama yake alihangaikia kibali cha kutoka kambini, akaja, akaketi kwenye benchi akiwa na uhakika kabisa. Nikamwambia mashine ina tatizo kidogo. Ningemwambia nini?

Mara ya pili hakuketi. "Tulikimbiaka vita na ile diplome," alisema. "Vita haikuichoma. Sasa iko inapotelea Kasulu?" Na akiwa mlangoni akaniambia lile lililoniuma kuliko yote: "Watu wanasemaka umeuzisha karatasi zetu." Aliondoka bila kuniaga, Mama Neema ambaye huaga hata paka. Nilikutukana siku hiyo, Yona, kwa Kiha, maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Usidhani sikutafuta njia nyingine. Ile anwani ruta yetu ya zamani ingekuwa inaijua, maana kidude kilipitia humo, lakini radi iliondoka nayo. Nikachimba kwenye kumbukumbu za mashine, nikakuta uliziweka zijifute ili diski isijae. Kila nilikobisha hodi nilikuta umeshafunga na kuondoka. Nikapanda basi la Kibondo.

Tulipita njia ya kwenda kaburini kwako. Sikushuka. Nilitazama upande wa pili mpaka tukapita. Kutoka Kibondo nikachukua bodaboda hadi Mabamba, nikafika mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni.

Baba yako mdogo alikuwa anachambua maharage ya kupeleka sokoni, yale wanayouziana na Warundi. Unamjua kwa salamu. Aliniuliza wazazi, akauliza mvua ya Nyakitonto, akauliza ng'ombe ambao sina, na baada ya ng'ombe ndama wao. Mimi nachemka ndani, mdomo unaitikia. Mwishowe nikakiomba kidude.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "kilichotolewa kwenye matanga hakirudi. Nikikirudisha nitakuwa nimemwambia Yona simtaki."

Akakitoa kwenye mfuko wa shati anioneshe. Amekifunga kwenye kitambaa cheupe, safi, kimekunjwa vizuri. Akasema tangu akichukue hakijawaka. Amekianika juani, hakikuwaka. "Kimekufa naye," akasema, akakikunja tena.

Nilitaka kumpokonya. Nasema kweli, mkono ulishanyanyuka. Mzee amekaa pale na kitambaa chake, na Neema kambini anahesabiwa siku, na katikati yao wewe umelala zako Busunzu umepumzika. Nikaurudisha mkono nikaukalia. Na katika kukaa hapo na hasira yangu ndipo ule mstari wako wa kijinga ukanirudia kichwani. Programu haikihitaji kidude. Inahitaji anwani yake tu.

Nikamwambia, "Baba, chenyewe sikitaki. Nataka anwani yake tu, halafu kinarudi mfukoni kwako."

"Kumbe kina anwani?"

"Kina."

Akafikiri. "Hiyo chukua. Anwani haipungui kwa kutajwa."

Nikaweka laptopu yangu juu ya gunia la maharage. Nikamwachia akichomeke mwenyewe kwa mkono wake, nikimwelekeza tu upande. Kikamulika kijani. Mzee akavua kofia. Alikitazama tu, na mimi sikuweza kumtazama yeye. Nikaandika mistari yangu michache, nikaiuliza mashine: nipe kadi zako zote, jina la kila moja na anwani ya kila moja, usiniletee ya kwanza ukanyamaza. Ikaleta zote. Ya kidude ilikuwa ya mwisho, umeona? Kwenye mashine yako ilikuwa ya kwanza, kwenye yangu ya mwisho. Mpangilio wenyewe haukuwa na maana yoyote, na wewe uliuamini.

Niliinakili kwenye simu, nikainakili kwenye karatasi, nikaiandika na mkononi kwa kalamu. Kisha nikamsomea mzee, na yeye akairudia herufi kwa herufi kama mtu wa mafundisho ya kipaimara, mpaka akaishika. Hakuniruhusu kuzima haraka. Tulikaa mpaka betri ikaanza kulalamika. Alipokikunja tena kwenye kitambaa alisema, "Uje tena ukiwashe."

Nilipofika Kasulu sikunawa hata uso. Niliiandika anwani ndani ya Sanduku kwa mkono wangu, na Sanduku likafunguka. Diplome ya Neema ilikuwemo, na alama ya mkunjo katikati, na doa la mawese pembeni kama ilivyokuja. Nikaichapa. Mama Neema alipokuja hakunishukuru. Aliweka kiganja juu ya jina la mwanawe, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasema, "Yona alisemaka kweli."

Hapo ndipo nililia, Fundi, mbele ya mteja. Nililia kwa hasira. Alisema kweli, lakini kidogo tu ungetoka duniani ukiwa mwongo kwa mama wa watu, na mimi mwizi, kwa sababu hukuweza kufungua mdomo. Anwani uliificha, maumivu uliyaficha, na vyote ukaviita vinatosha. Ungesema kimoja tu. Ungesema, Sabina, naumwa. Ningekubeba mgongoni.

Neema ameanza masomo. Kufuli la Sanduku nimelitoa nikaweka jingine, halitegemei kadi wala kidude wala kitu chochote cha kuchomeka. Linafunguka kwa maneno ambayo nayajua mimi, na Mama Neema pia anayajua, kwa kuwa mimi nami nitakufa na karatasi ni zao. Na hili nakuahidi: siku tumbo likiniuma nitalia mpaka mtaa mzima ukome.

Nikifunga duka Jumamosi nakwenda Mabamba na laptopu imejaa chaji, baba yako mdogo ananisubiri nikiwashe. Nitapita Busunzu. Safari hii nitashuka. Usitegemee nimekusamehe. Nitasimama hapo nikuseme kwa sauti, yote haya upya, na nikishamaliza kukusema nitapiga magoti ning'oe majani, maana nimesikia yameota na hakuna aliyekuja kuyang'oa.

Lala, Fundi. Duka nimelishika.

Sabina