Prosesa Yenye Chapa ya Boma Letu

Nangara,
S.L.P. 283,
Babati, Manyara.
17 Juni 2025

Mpendwa kaka Lengai,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na wifi Edda, na kwamba mtoto ameshaacha kukohoa. Hospitalini wanakupa nafasi ya kupumzika siku hizi, au bado wanakupangia zamu mfululizo kama vile nesi ni wewe peke yako mkoa mzima?

Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Bibi yetu Koko anashinda jikoni na mablanketi yake na kumgombeza kila anayeacha mlango wazi, lakini mguu umepata nafuu na kanisani anaenda mwenyewe. Mahindi ya kule Singe yamekauka vizuri, na Mama ameanza kuvuna.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Sikupiga makusudi. Kwenye simu ungenikatiza kila baada ya maneno mawili, na ushindi wangu hautaki kukatizwa. Mwanne, yule binti wa jirani zetu, anarudi chuoni huko kwenu, kwa hiyo nimemkabidhi barua hii pamoja na samli ya Mama. Samli ingoje. Soma kwanza.

Habari yenyewe ni hii: nimeuza mtamba wangu, yule mwenye paji jeupe, nikanunua kompyuta ya kuchezea gemu.

Najua umeshika kichwa. Lakini wewe ndiye uliyeniambukiza, kwa kunipa simu yako nicheze gemu ya mpira wakati nikiwa bado navaa sare za shule ya msingi. Sasa mwezi wa nane kuna mashindano ya gemu hiyo Arusha, na mimi nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye laptopu ya Amos wa baba mdogo. Kaka, ile laptopu ni mateso. Unabonyeza kupiga shuti, picha inaganda, ikizinduka mpira uko golini kwako. Amos ananifunga halafu anasema sina kipaji. Kipaji ninacho, nilichokosa ni kompyuta.

Unajua nyumbani kwetu mnyama hatoki bomani bila watu kukaa. Basi tulikaa, Baba, Mama, Koko, kaka Kuyioni na huyo Amos ambaye hakuna kikao kinachompita. Nikaeleza shida yangu na nia yangu. Nilitegemea Baba akatae, hata machozi nilishayaandaa. Hakukataa. Alisema mtamba ni wangu, niuze nikitaka. Ila kompyuta ikishindwa kucheza, basi wanyama wangu wote waliobaki atawasimamia yeye, na nisije tena kusimama mbele ya watu kusema najua kupanga mali.

Wewe na Kuyioni mlipewa ng'ombe wenu na hakuna aliyewauliza maswali. Mimi nimewakusanya mmoja mmoja, kwa zawadi za kipaimara na za kufaulu mitihani, na kwa kuwatunza ndama ambao Kuyioni alishawakatia tamaa. Nikiwa na ng'ombe wangu, wanaponipangia jambo huwa wananiuliza kwanza. Nikiwapoteza, nitakuwa naambiwa tu. Lakini nilishasimama, na unanijua, sijui kurudi nyuma. Nikakubali.

Ikaja sasa kazi ya kuchagua. Konstantini, fundi wa kompyuta pale karibu na stendi, alikuwa na kasha na vitu vingine vya kuanzia, vilivyotumika lakini vizima. Kilichobaki ni prosesa, yaani kichwa chenyewe cha kompyuta, kile kinachopiga hesabu zote. Mtamba mmoja haununui kila kitu, kwa hiyo ukikosea hapo, umekosea kote.

Amos alitaka ninunue lile prosesa kubwa la miaka ya nyuma, ambalo enzi zake lilikuwa linaogopwa. Alilisifia kama anaposa kwa niaba yake. Mimi nilikuwa nimeshatazama video mpaka Mama akadhani ninasomea kitu. Lile kubwa linakula umeme, linachemka, na juu ya hayo halina picha zake lenyewe: lazima ulinunulie kadi ya kutoa picha, na kadi nzuri inataka mtamba mwingine. Nililolitaka mimi ni la kati, la kisasa, dogo kwa jina lakini lina sehemu ya picha humo humo ndani. Unalichomeka, unapata hesabu na picha kwa pamoja, na chenji inabaki ya kuongeza ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Amos alicheka sana. Alisema picha za ndani ni za kutazamia harusi, si za gemu.

Baba akasema maneno yametosha, twende tukaione yeye mwenyewe akiwepo. Ndipo tukapanda basi kwenda Arusha, mimi na Baba, yeye na rungu lake na shuka jipya.

Laiti ungekuwepo dukani. Muuzaji akatoa kijiboksi, ndani yake kitu chenyewe kinaenea kwenye kiganja, kimefunikwa bati jeupe juu na vidoti vya dhahabu chini. Baba akakigeuza huku na huku kisha akamwomba kijana akitembeze. Kijana hakuelewa. Baba akamweleza kwa upole kwamba mnadani hakuna anayenunua mnyama aliyelala, anasimamishwa, anatembezwa, mtu anaangalia miguu. Kijana akasema prosesa haitembei, mzee. Baba akasema hakuna shida, akavuta kiti, akakaa katikati ya duka, rungu magotini. Wateja wanaingia wanamzunguka. Nilitamani nijifiche chini ya meza. Mwisho yule kijana alichoka, akafungua kompyuta yao ya mfano, akaichomeka prosesa yangu, akawasha gemu ya mpira. Kaka, ikatembea! Nyasi za uwanja unaziona jani kwa jani. Baba akatazama, akatikisa kichwa, akasema huyu miguu yake mizima. Tukalipa. Kijana akatuambia tukibadili mawazo tunaweza kuirudisha, ilimradi isiwe na mkwaruzo wala alama yoyote.

Kumbuka hayo maneno ya mwisho, maana Baba hakuyasikia. Alikuwa anamsalimia mlinzi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakamua. Natoka zizini nakuta Baba amekaa juani, ameshika prosesa yangu mkono mmoja na msumari mkono mwingine, anamalizia kuchora chapa ya boma letu juu ya lile bati, lile duara lenye mkia. Alikuwa ametulia kabisa. Alinieleza kwamba mafundi wa mjini wanabadilisha vitu vya watu, na mali isiyo na chapa ni ya yeyote. Sikuangalia zaidi. Nililiona lile duara tu, nikaona njia ya kurudisha kitu dukani imefungwa, nikalia mbele yake kama mtoto. Aliifunga prosesa kwenye kitambaa chake cha mfukoni, akanirudishia.

Nikampelekea Konstantini. Alisema bati lile ni kifuniko tu, msumari haujafika kokote. Akaipiga picha kwa simu yake, maana yeye kila kitu hukipiga picha kabla ya kukifunika ili mteja asimzushie wizi, kisha akaweka dawa ya kupozea, akafunga feni juu yake. Sikutaka hata kutazama.

Jumapili baada ya ibada watu wote walijaa sebuleni. Koko alikuja na kibuyu cha maziwa na majani mabichi ili ainyunyizie baraka. Nilimsihi sana, tukaelewana abariki miguu ya meza. Ameibariki vizuri, mpaka soksi za Konstantini zikalowa. Amos naye alikuja na kadi yake ya picha, ya zamani, akasema ananisaidia nisiaibike, akampa Konstantini aichomeke na waya wa skrini ukafungwa kwenye hiyo kadi. Nilikuwa na wasiwasi mno hata nikashindwa kubishana.

Tukawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii.

Tukazima, tukawasha tena. Nyeusi. Konstantini akaanza kujikuna shingo. Amos akasema, bila hata kupunguza sauti, kwamba prosesa imekufa, na iliuawa na msumari. Nikamtazama Baba. Kaka Lengai, sijawahi kumwona Baba vile. Alikuwa anatazama mikono yake. Hakunitazama mimi wala hakutaja ng'ombe, na ningependa kabisa angetaja ng'ombe kuliko kukaa vile.

Hasira zikanipanda, na hasira zangu unazijua, zinanifungua akili. Nikakumbuka duka. Dukani prosesa yangu ilitembea, mimi nimeiona na Baba ameiona, na pale dukani hakukuwa na kadi ya mtu yeyote. Nikamwambia Konstantini azime, atoe kadi ya Amos, na waya wa skrini auchomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta, itumie picha zake za ndani. Amos akaanza kusema kitu kuhusu harusi. Mama akamwambia anyamaze.

Tukawasha. Skrini ikawaka, nyumba nzima ikapiga kelele, na Koko akadai ni yale maziwa. Iliyokuwa imekufa ni kadi ya Amos, imekufa siku nyingi, ameibeba kama maiti kuja kunisaidia nayo! Prosesa yangu ilikuwa hai muda wote.

Tukafungua gemu ya mpira. Haikwami, kaka. Unabonyeza, mchezaji anapiga palepale. Nikamkaribisha Amos kwa heshima zote, nikampa hadi kiti chenye mto, nikamfunga mabao manne kwa moja, na hilo moja nilimwachia kwa sababu Koko alikuwa anamhurumia. Tukarudia. Sitaandika matokeo ya mechi ya pili kwa kuwa ni ndugu yetu na ana nia ya kuoa. Baadaye Baba mwenyewe akashika, akacheza ile gemu ya malori. Aliegesha lori katikati ya barabara kuu na kukataa kuliondoa, anasema analipumzisha.

Watu walipotawanyika, Baba alibaki amekaa. Akaniuliza kama niliiangalia ile chapa. Nikamwambia niliiona, na ndiyo iliyoniliza.

"Uliiona," akasema, "hukuiangalia."

Akainuka akaenda kuangalia ndama.

Nikamtumia Konstantini ujumbe aniletee ile picha aliyoipiga. Ikaja. Nikaikuza. Duara lenye mkia, la Baba. Na chini yake, kaka, mistari. Unajua maana yake kuliko mimi: ng'ombe wako wana mstari mmoja chini ya duara, wa Kuyioni wana miwili, na wangu tangu zamani wana duara tupu, kwa sababu kwa hesabu za boma walikuwa bado wa Baba. Kwenye picha mistari ilikuwa mitatu. Alichora kabla kompyuta haijawashwa. Alichora nikiwa zizini nakamua, wakati bado hakuna aliyejua kama itacheza au itagoma, na nilipolia mbele yake aliniacha nilie bila kunieleza. Nilikaa chini sakafuni nikalia tena, lakini kilio hiki cha pili kilikuwa kitamu.

Jumamosi hii tunapasha moto chuma, na ng'ombe wangu wote wanapata chapa mpya. Kuyioni ndiye atakayewashika. Amos ameomba kusaidia, nikamwambia nitafikiria.

Mwezi wa nane nikienda Arusha uniombee. Msalimie sana wifi Edda, umbusu mtoto kwa niaba yangu, na umwambie ana shangazi mwenye mali. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Koko anakusalimu, anasema ukija umletee kahawa ya huko, na usifungue mlango ovyo. Kuyioni anasema salamu zake utazipata utakapompigia simu, maana yeye hakuandikii. Baba hakunituma salamu, lakini ameuliza kama barua nimeshaifunga, kwa hiyo jihesabu umesalimiwa.

Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe nyumbani Krismasi ukiwa na afya, uje nikufunge mabao.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda siku zote, mwenye chapa yake,

Naitira

| | |